Ukuta Hujengwa Mwisho: Mabwawa ya Mchanga ya Machakos

Mwezi wa Septemba mto wa msimu huku Machakos, nchini Kenya, huwa barabara ya mchanga. Ng'ombe huukatiza, watoto huchezea mpira katikati yake. Lakini palipo na bwawa la mchanga, mama hupiga magoti na kuanza kufukua kwa kata. Mchanga wa juu ni wa moto na mkavu, wa chini yake ni wa baridi, na unaofuata unashikamana mkononi. Shimo likifika kina cha mkono, maji huanza kujikusanya polepole ukingoni. Huyaacha yatulie, huyateka, hujaza mtungi wake wa lita 20. Ni mvua ya Aprili hiyo.

Wageni wanaoletwa kutazama mabwawa haya hupiga picha ukuta. Ni haki yao, maana ukuta unapendeza. Hata hivyo, kazi yenyewe ilianza mbali na mto, juu kule mashambani, na asiyeielewa ile ya juu atajenga ukuta mzuri uliojaa tope.

Tuanze na mtambo wenyewe. Ukuta wa mawe na saruji, mara nyingi wa mita 2 hadi 5 kwenda juu, hujengwa kukingama mto wa msimu, msingi wake ukishikana na mwamba. Mvua kubwa ikinyesha, mto hushuka kwa kishindo ukiwa umebeba mchanga na udongo. Mchanga ni mzito, unatua nyuma ya ukuta. Udongo laini unaelea, unapita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja, au misimu mitatu minne, bwawa limejaa mchanga mpaka ukingoni. Mtu asiyejua atasema limeharibika. Kumbe sasa ndipo limekamilika, kwa sababu kati ya chembe na chembe za mchanga mna nafasi, na nafasi hizo ndilo tangi.

Faida yake iko kwenye jua. Ukambani, yaani nchi hii ya Wakamba, maji yaliyo wazi hupoteza karibu mita 2 za kina kwa mwaka kwa kuvukizwa. Lambo la kawaida la kina hicho hukauka hata kama hakuna aliyeteka ndoo moja. Ndani ya mchanga, ukishapita sentimita 60 hivi kutoka juu, jua halina nguvu tena. Mbu hawapati pa kutagia, mifugo haikanyagi maji, na mchanga wenyewe huyachuja.

Tupige hesabu ya mfano. Mto una upana wa mita 20, mchanga una kina cha mita 3 penye ukuta na unapungua mpaka kwisha mita 500 juu yake. Eneo lake ni mita za mraba 10,000 na kina cha wastani ni mita 1.5, yaani mita za ujazo 15,000 za mchanga. Tuseme robo yake ni maji yanayotekeka: lita milioni 3.75. Familia 100 zikiteka mitungi 10 kila moja kwa siku, zina maji ya siku 187, miezi sita. Na hapo hatujahesabu maji yanayojipenyeza kwenye kingo za mto na kurudi kidogo kidogo kiangazi kikikaza.

Hesabu hiyo ina sharti moja, na ndilo linalonifanya niandike. Inadai mchanga wa chembe kubwa. Nyuma ya ukuta pakitua udongo laini, nafasi zinazibika, na maji yaliyomo hayatoki ukiyavuta. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi si saruji ngapi. Ni hili: mvua inapopiga kilima kile, inateremsha nini?

Kilima cha Machakos kina historia. Mwaka wa 1937 ofisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo wilayani humu, na picha aliyoichora ilikuwa ya nchi inayokufa. Serikali ya kikoloni ikaamua tatizo ni ng'ombe. Mwaka wa 1938 ilipoanza kuwatwaa, Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi, na serikali ikalazimika kulegeza. Mbingu mwenyewe akahamishwa kwa nguvu hadi Lamu. Kisha yakaja matuta ya lazima, yakachimbwa kwa shuruti na kuchukiwa ipasavyo. Shuruti ilipokwisha, mengi yaliachwa.

Halafu watu wakayarudia wenyewe. Mkulima huchimba mtaro kufuata kontua, mstari wa usawa mmoja kwenye mteremko, na udongo huutupa upande wa juu, ndipo jina fanya juu, ambalo leo wataalamu wa udongo hulitamka hivyo hivyo kwa Kiswahili hata nje ya Afrika. Kwenye tuta hupandwa nyasi. Mvua inaporudia kupiga, udongo unajilimbikiza nyuma ya tuta mwaka baada ya mwaka, na mteremko unageuka ngazi. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni akina mama katika mwethya, kile kikundi cha kusaidiana zamu kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka wa 1994, walionyesha kwamba watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Sasa unganisha mambo mawili. Tuta hubakiza udongo laini wenye rutuba shambani, unakotakiwa. Mtoni hushuka zaidi mchanga. Ndiyo maana naona si ajabu kwamba mabwawa ya mchanga yalishika mizizi hapa. Wakoloni walijaribu machache katika miaka ya 1950, lakini uhai mpya ulitoka kwa wanavijiji: kikundi cha Utooni, Kola, kilichoanzishwa mwaka wa 1978 na Joshua Mukusya, kikazaa shirika lililojenga mabwawa mengi Ukambani.

Siku ya kujenga haina tingatinga. Mawe huokotwa na kuletwa wiki nyingi kabla. Mtaro wa msingi huchimbwa mpaka jembe linapogonga mwamba. Ukiacha ufa chini, maji yatapita humo na ukuta utabaki kukinga hewa. Mabawa yake huchimbiwa ndani ya kingo, mbali, maana mto ukizuiwa katikati hutafuta njia ubavuni. Katikati huachwa chini kidogo ili mafuriko yapite hapo. Saruji yenyewe ina gharama kwa tabianchi, silifichi hilo, lakini ukuta huu hautumii mafuta wala umeme kujijaza. Pakichimbwa kisima kando yake na kufungwa pampu ya sola, maji hupanda hadi kijijini bila lita moja ya dizeli.

Na mvua za sasa? Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilifeli, kisha mwisho wa 2023 na mwaka wa 2024 mafuriko yakaja. Mvua chache zinazoshuka kwa nguvu ni msiba kwa mahindi. Kwa bwawa la mchanga, gharika moja nzuri yatosha kulijaza.

Kinachonikera ni lori. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa mito hii, na lori likipakia usiku hubeba tangi lenyewe. Makueni, iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi 1992, ilitunga sheria yake ya kulinda mchanga mwaka wa 2015. Ningependa kuona usimamizi wenye meno kama huo kila mto wenye ukuta unapopita.

Kikundi kikiniuliza kama kiko tayari kujenga, nitakiambia kisubiri gharika ya kwanza ya Novemba, kijaze chupa ya maji ya mto, kiiweke mezani usiku kucha. Asubuhi wapime: mchanga kiasi gani umetua chini, na tope kiasi gani limelala juu yake. Tope likizidi, majembe yarudi kilimani.