Picha Isiyobaki: Uhakiki wa Istilahi za Kuhifadhi Diski za Mashine Pepe

1.0 Utangulizi

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo lake yenyewe: huendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, na diski yake yote huwa faili moja au mafaili machache. Koporasi, rekodi za sauti na hifadhidata za kamusi zinapowekwa katika mashine ya aina hii, usalama wake hutegemea namna faili hilo linavyohifadhiwa. Makala hii inahakiki istilahi zinazotumika kueleza kazi hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba neno "picha" linaahidi usalama ambao teknolojia yenyewe haiutoi.

2.0 Neno Moja, Dhana Mbili

Katika miongozo na mafunzo niliyokutana nayo, faili lenye diski nzima huitwa "picha ya diski", na kile ambacho mafundi hukiita snapshoti huitwa "picha ya papo hapo". Kitenzi "kuhifadhi" nacho hubeba maana ya kuweka kazi kwenye diski na ya kutunza nakala mahali pengine. Hivyo, agizo "piga picha ya mashine kisha uihifadhi" lina tafsiri zaidi ya moja, na kila msomaji atachagua iliyo rahisi kwake.

Utata huu una mzizi wa kisemantiki. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, picha hudumu kuliko kilichopigwa: picha ya marehemu hubaki ukutani baada ya mwenyewe kuzikwa. Snapshoti haina sifa hiyo. Diski ikifa, nayo hufa.

3.0 Teknolojia Inasema Nini

Tuchukue muundo wa qcow2 unaotumiwa na programu ya QEMU. Snapshoti ya ndani hukaa katika faili lile lile la diski. Faili likipotea, vyote viwili vimepotea. Kwa snapshoti ya nje, faili jipya hupokea mabadiliko tu, na faili la awali huachwa chini yake kama msingi wa kusomwa. Anayenakili faili la juu peke yake amebeba paa bila nyumba. Msingi nao ukibadilishwa, yaliyojengwa juu yake huharibika.

Kosa hili si la Kiswahili peke yake, kwani sitiari ya picha imetoka katika Kiingereza. Ndiyo maana mwongozo wa VMware unaonya kwamba snapshoti isitumiwe badala ya nakala rudufu, na kwamba snapshoti moja isitumiwe kwa zaidi ya saa 72.

Hata hivyo, snapshoti ina kazi yake halali. Humwezesha fundi kurudi nyuma sasisho likienda vibaya. Aidha, ni hatua mojawapo ya kutengeneza nakala rudufu: uandishi ndani ya mashine husitishwa kidogo, snapshoti ya nje huwekwa, faili la msingi lililotulia hunakiliwa kwenye kifaa kingine, kisha mabadiliko huunganishwa tena. Bila utaratibu kama huo, kunakili faili la mashine inayoendelea kufanya kazi kunaweza kutoa nakala yenye vipande vya nyakati tofauti.

Madhara ya kuchanganya hatua na matokeo nimeyaona. Katika mradi mmoja wa kukusanya lahaja niliowahi kushiriki, taarifa ya kila robo mwaka ilisema kwamba "picha huchukuliwa kila usiku". Sote tuliisoma tukaridhika. Diski ilipoharibika, picha zote zilikuwa ndani yake. Manukuu yalipatikana kwa sehemu katika kompyuta za watafiti. Baadhi ya rekodi hazikupatikana, na wazee wawili waliorekodiwa walikuwa wamekwisha kufariki.

4.0 Pendekezo

Snapshoti iitwe "alama ya kurejea". Alama iliyowekwa kitabuni humrudisha msomaji kwenye ukurasa wake, lakini kitabu kikiungua huungua nacho. "Nakala rudufu" ibaki, ila itumike tu kwa nakala inayojitosheleza, iliyo kwenye kifaa kingine, na iliyokwisha kujaribiwa kurejeshwa.

Inaweza kupingwa kwamba "picha" imekwisha kuenea na kwamba istilahi mpya huchelewa kukubalika. Pingamizi hilo lina uzito katika mazungumzo ya mafundi, ambao wanajua wanachokimaanisha. Halina uzito katika mikataba na sera, ambamo anayetia saini siye anayeendesha mashine. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Nyaraka za aina hii zitazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na kifungu kimoja chenye utata kitanakiliwa kutoka mkataba hadi mkataba.

5.0 Hitimisho

Ubora wa istilahi hupimwa pia kwa uamuzi ambao msomaji ataufanya baada ya kuisoma. Mshauri wa sera atakayeambiwa kwamba kuna picha atafunga jalada. Atakayeambiwa kwamba kuna alama ya kurejea atauliza kitabu chenyewe kimewekwa wapi, na kama kipo kingine. Swali hilo ndilo ambalo mradi wetu haukuuliza.