Mstari wa Pili Ulioiharibu Safari ya Magharibi

Mliotazama mhadhara ule wa uhusianifu kuhusu saa zinazosafiri mliona mchoro ulivyopangwa vizuri: ndege mbili juu ya ikweta, moja ikielekea mashariki na nyingine magharibi, kila moja ikibeba saa kwa mita 250 kwa sekunde, na saa ya tatu ardhini. Kimo kiliwekwa kando kwa makusudi. Sawa.

Mstari wa pili ndio ulioharibu kazi yote. Mhadhiri aliipa saa ya ardhini kasi sifuri, akachukua v ya kila ndege dhidi ya ardhi na kuitia kwenye gama, kizidisho cha kuchelewa kwa saa, kana kwamba ardhi ni fremu ya inersha. Ardhi inazunguka! Pale ikweta inakwenda mita 465 kwa sekunde. Katika fremu isiyozunguka, ndege ya mashariki ina 715, ya magharibi 215 tu. Saa ya magharibi ndiyo yenye mwendo mdogo kuliko zote tatu, na ndiyo itakayotangulia.

Tazama hasara yake. Kuizunguka dunia kwa kasi hiyo huchukua saa 44 na nusu. Hesabu ya ubaoni inazichelewesha ndege zote mbili nanosekunde 56. Hesabu sahihi inaichelewesha ya mashariki 263 na kuitanguliza ya magharibi 152. Hata alama imegeuka! Anayetaka kubaki kwenye fremu inayozunguka anaruhusiwa, mradi aibebe metriki yake nzima, pamoja na kile kijenzi cha dφ dt kinachogeuka alama mwelekeo ukigeuka. Ndicho kilichojitokeza kwenye jaribio la mwanga la Sagnac mwaka 1913, na Langevin akakieleza kwa uhusianifu mwaka 1921. Kukitupa leo hakuna udhuru.

Kisha kikaja kisingizio nisichokivumilia: eti mzunguko una mchapuko, kwa hiyo uhusianifu maalumu haufai. Chembe za muoni za CERN ziliufunga mjadala huo mwaka 1977. Zikizungushwa kwenye pete kwa gama ya takriban 29, ziliishi kama mikrosekunde 64 badala ya 2.2. Mchapuko wake ulikuwa mkubwa kupindukia, lakini kasi peke yake ilitosha kuueleza muda huo.

Hafele na Keating, waliolifanya jaribio hili kwa ndege halisi, hawakuteleza kwenye mstari ule wa pili. Oktoba 1971 walipakia saa nne za sesiamu kwenye ndege za abiria. Hesabu yao ilisimama kwenye fremu isiyozunguka, kisha wakajumlisha mchango wa graviti. Kwenda mashariki saa zilipoteza nanosekunde 59. Kwenda magharibi zikapata 273. Alama zilipingana, kama walivyotabiri.

Anayeshika chaki baada yao aandike kasi ya saa ya ardhini kabla ya kugusa ndege yoyote.