Neva Ikikatwa, Gastrini Hupanda

Mvua ya Kabanga, jirani na mji wa Kasulu, huishia Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika, na mwisho mto Kongo. Ng'ambo ya milima ya Burundi maji hushika njia ya Nile. Katika ukanda huu wa mgawanyo wa maji, mpasuaji Frank Tovey na mwenzake Tunstall waliandika mwaka 1975, vidonda vya tumbo vilikuwa vingi kuliko sehemu nyingi za Afrika.

Aliyechelewa kutibiwa alifika hospitali na kovu lililoziba mlango wa kutokea tumboni. Anatapika ugali wa jana. Ukimtikisa, maji yanacheza kama ndani ya kibuyu. Kovu la namna hiyo halifunguki kwa vidonge.

Njia ya kisu ya kukata neva ilienezwa na Lester Dragstedt wa Chicago, kuanzia 1943. Mpasuaji hupapasa nyuma ya umio kwa kidole hadi aguse neva ya vagasi, ile inayochochea tindikali, imekaza kama uzi wa zeze, akaikata pamoja na ile ya mbele. Lakini neva hiyo hiyo ndiyo inayolisaidia tumbo kujimwaga, kwa hiyo lazima atoboe njia mpya, kwa kawaida kwa kuunganisha tumbo na utumbo mwembamba.

Tindikali hushuka. Ajabu ni gastrini, homoni inayoamuru tindikali itengenezwe: yenyewe hupanda! Kumbe tindikali ndiyo iliyokuwa breki yake, kupitia homoni nyingine, somatostatini. Breki ikilegea, gastrini humwagika kwenye damu, ila seli za tindikali, bila neva, zimekuwa nzito za kusikia. Polipeptidi ya kongosho hufanya kinyume: baada ya mlo haipandi kama zamani, na wapasuaji waliitumia kupima kama neva imekatika kweli.

Kisha kuna uji wenye sukari. Ukipita njia mpya kwa kasi, sukari ya damu huruka, insulini hufuata kwa wingi, na saa mbili hivi baadaye mtu anatetemeka, jasho linamtoka. Dawa yake ni mlo mdogo mdogo, sukari kidogo.

Tangu Marshall na Warren wa Perth wamgundue bakteria wa vidonda mwanzoni mwa miaka ya 1980, antibaiotiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kisu. Wenye makovu ya upasuaji wa zamani bado wapo. Mmoja wao akipimwa gastrini ikawa juu, daktari asiyemfunua tumbo anaweza kuanza kutafuta uvimbe wa kongosho unaomwaga gastrini, ambao haupo.