Sifa ya Kiopoo

Chuma kikizama kwenye maji ya tope, asiyejua kazi hukikimbilia. Hutumbukiza mkono papo hapo, akapapasa huku na huko, na kila anavyopapasa ndivyo anavyokizika. Anayejua kazi husimama kwanza. Huchomeka kijiti ukingoni, mkabala na pale kitu kilipoangukia, kisha huuliza maswali. Ni kitu gani? Kina uzito gani? Kimeanguka lini? Kuna mtu aliyekwisha kukitafuta? Swali la mwisho ndilo linalomkunja uso, kwa kuwa jibu lake karibu kila mara ni ndiyo.

Hapa Mchikichini, Dar es Salaam, mafundi wa namna hiyo tunao. Tumebanwa kati ya Kariakoo na Ilala, na chini yetu liko bonde la mto Msimbazi. Ni mtaa wa biashara, wa mitumba na mafundi cherehani, wa watu wanaokimbizana na siku. Labda ndiyo sababu nawaheshimu sana hawa ambao kazi yao haikubali haraka. Hawana kibao mlangoni. Hupatikana kwa kuulizia: yuko wapi yule mzee mwenye kiopoo?

Kiopoo chenyewe hakivutii kukitazama. Ni nondo nyembamba tatu au nne zilizopindwa ncha zikawa kulabu, zikaungwa pamoja shinani, juu ikawekwa pete na kwenye pete ikafungwa kamba. Ndoo ikikatika kamba na kubaki kisimani, hicho ndicho huifuata. Mzee mmoja ambaye nimemtazama mara nyingi akiwa kazini huanza na mwenye ndoo kabla hajakisogelea kisima. "Mama, kamba ilikatikia wapi?" Mama hushangaa, maana yeye anawaza ndoo. Akitulizwa hukumbuka: ilikatikia juu, karibu na mkono wake. Basi kamba karibu yote imezama pamoja na ndoo, nayo imefungwa kwenye utambo. Kuanzia hapo mzee hatafuti ndoo tena. Anatafuta kamba, ambayo ni ndefu na rahisi kunaswa, na ndoo itaifuata.

Hukishusha kiopoo kikiambaa na ukuta wa kisima hadi kamba ilegee mkononi, ishara kwamba kimegusa chini. Hukiinua kidogo, akazunguka nacho polepole kufuata ukuta, kisha akapunguza duara kuelekea katikati. Macho yake wakati huo hayaangalii majini. Wakati mwingine huangalia mtaani, huitikia shikamoo za watoto, na anayepita anaweza kudhani hana kazi. Kazi yote iko kwenye vidole viwili vilivyoshika kamba. Kulabu ikigusa jiwe, mguso hufika mkavu na kukoma. Ikigusa mti uliooza, hudidimia. Ikigusa chuma, kamba hutetemeka hadi kwenye kiganja. Hata baada ya kunasa havuti. Hukizungusha kidogo ili kulabu ikae sawasawa, akapima uzito, akatikisa taratibu.

Huko kutikisa kuna sababu yake. Kitu kilichokaa topeni hushikwa na mnyonyo: ukikivuta moja kwa moja kwenda juu, chini yake hubaki pengo ambalo maji hayawahi kulijaza, na tope hukivuta kurudi. Ukikilaza upande huu na upande ule, maji hupenya chini yake na tope huachia. Nimeona vijana wenye misuli wakikata kamba mpya kwa kuvuta, na mzee mwembamba akaja akatoa kitu kilekile kwa mkono mmoja.

Halafu kuna uso wa maji. Hapo ndipo wengi hupotezea walichokipata. Chuma kikiwa majini hupungukiwa na takriban sehemu moja ya nane ya uzito wake, na ndoo iliyojaa maji haiongezi uzito wa maji hayo hadi itoke nje. Kwa hiyo mtu huvuta kitu chepesi mita zote, akafurahi, akaongeza kasi, na kitu kinapochomoza tu uzito humshukia ghafla, kulabu ikateleza, kikarudi chini. Mzee hupunguza mwendo akikaribia juu. Huinamisha ndoo ikingali majini ili imwage, kisha ndipo huitoa.

Sababu nyingine ya kukisifu kiopoo ni kwamba humwacha mtu juu. Visima vimeua watu wengi walioingia kufuata ndoo, na wengine walioingia kuwafuata wale wa kwanza. Hewa mbaya hukaa chini bila harufu. Waliotutangulia walishusha kibatari kwa kamba. Kikizimika, hakuna anayeingia, hata kama kilichozama ni cha dhahabu. Kulabu haivuti pumzi.

Mtoni mambo ni tofauti, kwa kuwa mto unatembea. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, na Pugu inajulikana kwa kaolini, ule udongo mweupe laini wa kutengenezea vyombo. Chembe za udongo wa aina hiyo ni ndogo mno. Hubaki zikielea kwa muda mrefu kwa sababu zinasukumana, kila moja ikiikwepa jirani yake. Bibi zetu walijua dawa yake: walitia shabu kwenye mtungi, chembe zikashikana na kuzama. Chumvi ya bahari hufanya kazi hiyohiyo kule Salenda, mto unapokutana na maji kujaa. Huku kwetu hakuna shabu ya kutosha mto mzima, kwa hiyo maji yakishatibuka yametibuka, na mtafutaji hana sababu ya kungoja yatakate ndipo aone.

Hufanya mawili. La kwanza, huanzia chini ya mahali alipopawekea alama, akapanda kuelekea mto unakotoka, ili tope analolitibua lichukuliwe na maji kwenda nyuma yake. La pili, hutumia nyayo kabla ya mikono, akiburuta mguu bila kuuinua. Tabaka la juu la tope ni laini kama uji na halina la kumwambia. Chuma hulipita tabaka hilo na kushuka mpaka kwenye mchanga ulioshikana au mfinyanzi mgumu, kikatulia hapo. Ndiyo maana anayepapasa juujuu huondoka mikono mitupu na kuapa kwamba mto umekichukua. Mto huchukua masufuria na madumu. Shoka au nyundo aghalabu huwa ipo palepale, chini kidogo ya mahali mkono uliposhindwa kufika.

Vijana wa chuma chakavu wana njia yao: sumaku zilizotolewa kwenye spika mbovu, zikafungwa kamba na kuburutwa. Nawapenda kwa ubunifu wao, na wanajua mipaka ya chombo chao kuliko wanunuzi wa mashine za kutambua chuma. Sumaku haijali dhahabu, fedha, shaba wala alumini. Pete ya ndoa itaburutiwa sumaku kutwa nzima isitikisike. Mashine nayo, katika mto uliopokea taka za jiji kwa miaka mingi, hulia kwa kila kizibo cha soda. Lazima mwishowe mkono ushuke. Na mkono huo unastahili glavu nzito, kwa sababu maji hayo yana majitaka, chupa na misumari, na hakuna kitu kilichozama kinacholingana na pepopunda.

Niliielewa thamani ya ufundi huu kikamilifu baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Bonde lilijaa, watu zaidi ya 40 walikufa jijini, na familia nyingi baadaye zilihamishiwa Mabwepande. Maji yalipopungua, vyumba vilikuwa na tope hadi dirishani, na ndani ya tope kulikuwa na kila kitu ambacho familia ilikuwa imenunua. Magodoro na nguo havikuwa na tumaini. Chuma kilikuwa nalo. Watu walichimba kwa mikono, wakikumbuka kitanda kilikaa wapi na meza ilielekea wapi. Ramani ya chumba ilikuwa vichwani mwao, na mama wa nyumba ndiye aliyekuwa akielekeza. Cherehani kilichotoka humo hakikuwa chuma chakavu. Kilikuwa ada ya shule na kodi ya nyumba.

Kosa la kwanza kwa cherehani kilichofukiwa ni kukianika juani. Ndani ya tope hewa haifiki kirahisi, na kutu inahitaji hewa. Kinapotolewa kikiwa bado kimelowa, hewa hukivamia, na kwa saa chache rangi ya kutu hujitokeza kwenye vyuma vilivyokuwa vinang'aa. Fundi mwenye akili hukiacha kwenye beseni la maji safi hadi awe tayari kukifungua. Hukisuuza tena na tena, kwa sababu chembe moja ya mchanga ndani ya gurudumu dogo hula chuma kila linapozunguka. Kisha mafuta ya taa hufukuza maji kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki, na mwisho hupakwa mafuta ya mashine. Tope lililokificha ndilo lililokitunza, na walioelewa hivyo waliokoa vyerehani ambavyo majirani waliviuza kwa kilo.

Kuna meli moja iliyookolewa kwa maarifa hayohayo. Ilijengwa na karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuja Dar es Salaam katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa reli ya kati kwenda Kigoma, na ikashushwa Ziwa Tanganyika Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mzinga wake mkubwa nao ulikuwa umepita topeni. Ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyozama katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake yote kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa kutoka kwenye maji yale ya mikoko, ikaburutwa nchi kavu na mamia ya watu, na mafundi wa Dar es Salaam wakaiundia magurudumu. Maofisa wametajwa majina vitabuni. Walioifunga kamba na kuivuta, ambao mikono yao ndiyo iliyotangulia kuigusa mizinga hiyo, hawakutajwa, na jambo hilo linaniuma. Mmojawapo wa mizinga hiyo uko Mombasa hadi leo, Fort Jesus.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, karibu na Malagarasi inapomwaga tope lake ziwani, ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliotumwa na karakana iliyoijenga waliipaka injini grisi nzito. Watu waliokuwa wanakimbia vita walitumia muda wao kupaka grisi. Walijua kwamba kilichofunikwa vizuri kinaweza kusubiri. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaitoa tarehe 16 Machi 1924, karibu miaka minane tangu mara ya kwanza, wakakuta injini na maboila yake bado yanafaa. Mei 1927 ilianza safari upya ikiitwa Liemba, na ikabeba watu, dagaa na mananasi kwenye ziwa hilo hadi karne hii.

Siku hizi visima vya ndoo vimepungua mtaani. Kilichokuja badala yake ni visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine, bomba jembamba likishuka makumi ya mita, na pampu ya umeme ikining'inia humo. Pampu nazo huanguka: nati imelegea, bomba limekatika kwenye uzi, au fundi wa kwanza alibana matumizi akaacha kufunga kamba ya usalama. Kitu cha thamani kubwa kimelala mahali ambapo hata mkono wa mtoto haupiti. Hapa ndipo nilipoona kwamba ufundi wa mzee haukufa. Wachimba visima wana mbinu ambayo naihesabu kati ya mambo mazuri kabisa ya kazi za mikono: huchukua gogo dogo linaloingia bombani, hupigilia misumari kwa chini ili sabuni ipate kushika, hupaka sabuni nene, kisha hulishusha mpaka likae juu ya kilichozama. Likipandishwa, sabuni imebeba alama ya kile ilichogusa.

Nimewaona mafundi wameinama juu ya sabuni hiyo kwa muda mrefu, wakibishana kwa sauti ya chini. Hapa ni ukingo wa bomba, limekatika mshazari. Hapa ni waya wa umeme, umejikunja juu yake. Basi kulabu ya kawaida itanasa waya, nao utakatika. Waya uondolewe kwanza. Ndipo mmoja wao huenda kwa fundi wa kuchomelea, huku ameshika kile kigogo, na kuagiza chombo kitakachotumika kwa kazi hiyo moja tu: mdomo unaoingia ndani ya bomba lililokatika, wenye meno yanayobana kadiri linavyovutwa. Wakati mwingine hurudi mara mbili kukipunguza, kwa kuwa sabuni imemwambia upana wake na fundi wa kuchomelea hakuamini.