Wenye Kuuandaa Mchezo

Chandimu haimhitaji mtu mzima. Watoto wakipata matambara na kamba, mpira upo. Mawe mawili yakiwa goli, mechi imeanza. Futiboli ya Kikanada haichezeki hivyo. Inataka watu 12 kila upande, helmeti na kinga za mabega, uwanja wa yadi 110 kwa 65, na wabeba mnyororo wa kupimia yadi 10. Bila waandaaji hakuna mchezo kabisa. Ndiyo maana hapa Agincourt, mashariki mwa Toronto, nikiona vijana wamejipanga uwanjani jioni za Oktoba, macho yangu huwaendea kwanza watu wazima waliosimama kando.

Ninachokihusudu zaidi ni jinsi wanavyowafunza vijana wa mstari wa mbele. Huenda kijana huyo asiushike mpira msimu mzima. Kocha humrekebishia nyayo, humwinamisha magoti, humwonyesha mikono itue kifuani mwa mpinzani na kichwa kisitangulie, maana kichwa kikitangulia shingo iko hatarini. Kesho yake hurudia yale yale. Kumfanya kijana aipende kazi isiyoshangiliwa ni ufundi mkubwa kuliko kubuni mbinu yoyote.

Mchezo wenyewe ulifinyangwa katika mji huu. Mwaka 1903, kanuni zinazobeba jina la Thrift Burnside, nahodha wa timu ya Chuo Kikuu cha Toronto, zilipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 12, zikaitaka timu isogee yadi 10 kwa majaribio matatu, la sivyo iutoe mpira. Raga ikaanza kugeuka mchezo mwingine.

Kisha yupo kocha Lew Hayman. Alitwaa Kombe la Grey, taji la futiboli ya Kikanada, na timu ya Toronto Argonauts mwaka 1933, 1937 na 1938, lakini mimi namheshimu kwa mwaka 1946: alishiriki kuanzisha timu ya Montreal Alouettes, akamsajili Herb Trawick, mchezaji mweusi, mwaka mmoja kabla Jackie Robinson, naye mweusi, hajaingia ligi kuu ya besiboli Marekani. Hayman yumo katika Jumba la Mashuhuri wa Futiboli ya Kikanada huko Hamilton, kundi la wajenzi.

Matunda ya wajenzi huonekana uwanjani. Henoc Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Mississauga, alikuwa chaguo la kwanza la ligi ya Kanada mwaka 2011; mwaka 2022 akazoa tuzo mbili katika fainali ya Kombe la Grey. Kuna mtu aliyemfungia helmeti yake ya kwanza na kumwonyesha pa kusimama. Natamani Hamilton imwekee nafasi na huyo.