Trela Isiyo na Mkwaruzo

Hakuna picha zinazodanganya kwa adabu kama zile mbili za "kabla" na "baada". Umeziona. Kushoto kitu kimeoza, kimeliwa na kutu, nyasi zimeota katikati ya magurudumu. Kulia kitu kilekile kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Katikati kuna mstari mwembamba mweupe, na mstari huo umemeza miaka ya kazi pamoja na maamuzi yote ambayo hatuonyeshwi.

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikitazama picha za namna hiyo, na zote ni za trela. Trela za mizigo, zile za kuvutwa na lori, zilizotengenezwa miaka ya 1940 na 1950, ambazo wazee wa kujitolea katika makumbusho ya reli huko Marekani huzichomoa porini na kuzirudishia uhai. Nataka kuziongelea jinsi watu huongelea riwaya au filamu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina cheti cha kuniruhusu kusema hivi, lakini kwangu ukarabati ni uandishi. Kuna mtu alichagua neno hili akafuta lile, na ana haki ya kuulizwa kwa nini.

Swali la kwanza ambalo msee yeyote atauliza: trela ya lori inatafuta nini kwenye makumbusho ya reli?

Jibu ni tamu kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1926 reli ya umeme ya Chicago North Shore and Milwaukee ilianza kubeba trela za barabarani juu ya mabehewa bapa. Reli ya Chicago Great Western ikafuata 1936. Wazo lilikuwa jepesi: lori limeanza kuninyang'anya mzigo, basi nitalibeba mgongoni. Namna ya kupakia ndiyo iliyoniacha mdomo wazi. Mwisho wa mstari wa mabehewa uliwekwa mteremko. Dereva alirudi nyuma, akapanda, kisha akaendelea kurudi nyuma juu ya treni yenyewe, behewa hadi behewa, akivuka vibao vya chuma vilivyoziba mianya, hadi trela ifike mahali pake. Hapo aliikata, akashuka na kichwa peke yake kufuata nyingine. Waliuita upakiaji wa sarakasi, kwa kuwa kampuni za sarakasi zilizosafiri kwa treni zilipakia magari yao vivyo hivyo. Ebu fikiria kurudi nyuma na trela juu ya kitu chenye upana unaokaribia ule wa trela yenyewe, usiku, theluji ikianguka, na kushoto na kulia ni hewa tu.

Halafu tarehe 26 Aprili 1956 mfanyabiashara wa malori anayeitwa Malcom McLean akapakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal-X, kutoka Newark kwenda Houston. Sanduku bila magurudumu likashinda sanduku lenye magurudumu. Si siku hiyohiyo, wala si kila mahali, lakini lilishinda. Trela za zamani zikauzwa kwa wakulima zikawa ghala za nyasi na mbolea. Nyingine zilinunuliwa na makumbusho yenyewe, si kama hazina bali kama stoo, mahali pa kuwekea vipuri vya injini ambazo watu walikuwa wakizipenda kweli. Hapo ndipo nilipoanza kuvutiwa. Kitu kilikaa ndani ya makumbusho miaka na mikaka kama kabati, hadi siku moja mtu akatazama kabati akaona kuwa nalo ni historia.

Kazi yenyewe inastahili sifa na sitaibania. Trela ya wakati ule ina ngozi ya alumini iliyobanwa kwenye mifupa ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa polepole. Fundi hana budi kung'oa ribiti moja moja, kuondoa bamba, kusafisha chuma, kukipaka rangi ya kukitenga na alumini, kisha kurudisha ribiti mpya, mmoja akipiga nje na mwingine ameshikilia chuma kizito ndani. Watu wawili wasioonana, wanaosikilizana kupitia ukuta. Sakafu ni mbao ngumu, na mara nyingi imeoza kwenye kona. Miguu ya kusimamia trela ikiachwa na kichwa huwa imeganda kabisa.

Rangi nayo ni upelelezi. Hukwangua ovyo. Unasugua kidogo kidogo kwa msasa mlaini, kwa sababu chini ya rangi ya juu kuna kivuli cha maandishi ya zamani: rangi ya herufi ililinda bamba na jua kwa kipimo tofauti na rangi iliyoizunguka, kwa hivyo hata herufi zikishafutwa umbo lao hubaki kama alama ya plasta kwenye ngozi. Picha za zamani husaidia, ila nyingi ni nyeusi na nyeupe, na picha nyeusi na nyeupe haiwezi kukwambia kama nyekundu ilikuwa ya damu au ya tofali. Nimeshawahi kuona wazee wakibishana kuhusu aina moja ya nyekundu kwa ukali ambao sisi huku tunauwekea siasa na mpira. Naiheshimu hiyo.

Tatizo langu linaanza baada ya herufi ya mwisho kukauka.

Mjomba wangu ameendesha trela kati ya Mombasa na Malaba tangu kabla sijazaliwa. Nilimwonyesha picha ya "baada". Akaikuza kwa vidole viwili, akaenda moja kwa moja kwenye kona za nyuma, akanyamaza kidogo.

"Hii haijawahi kubeba kitu."

"Ilibeba, mjomba. Miaka mingi."

"Basi wameifuta. We kijana, trela iliyofanya kazi inajulikana. Sakafu huisha kwanza pale mlangoni, kwa sababu kila kitu lazima kipite hapo. Halafu kona ya kushoto nyuma lazima iwe imeguswa. Lazima. Huko ndiko dereva haoni."

(Alisema kushoto kwa sababu huku kwetu dereva hukaa kulia. Kule Marekani mkwaruzo wake ungekuwa upande wa pili, lakini hoja inabaki palepale.)

Sijasoma uhakiki bora kuliko huo mwaka huu. Trela zinazotoka kwenye karakana hizi ni safi kuliko zilivyokuwa siku yoyote ya kazi, isipokuwa labda asubuhi ya kwanza zilipotoka kiwandani. Na hiyo ndiyo siku ambayo mkarabati amechagua. Kati ya maelfu ya siku za maisha yake, trela imerudishwa kwenye ile siku moja ambayo ilikuwa bado ni mali ya kampuni tu, kabla ya dereva, mpakiaji, au mtoto wa kituoni kuigusa. Nembo ya kampuni imerudi kwa usahihi wa kutisha. Alama za watu zimejazwa na kusawazishwa kwa sababu, kitaalamu, zinahesabika kuwa uharibifu.

Wataalamu wa kuhifadhi majengo walikutana Venisi mwaka 1964 wakaandika mkataba ambao hadi leo hutajwa, na mojawapo ya mambo waliyokubaliana ni kwamba ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Ni sheria nzuri. Mafundi wa trela wanaitii hadi kwenye unene wa herufi. Lakini sheria hiyo inamlinda mtazamaji dhidi ya mambo ya kubuni. Haimlindi dhidi ya ukweli uliofutwa. Unaweza kusema kweli tupu kuhusu kila ribiti na bado ukaishia na trela ambayo haijawahi kuguswa na mkono wa mtu.

Na hapa nyumbani je? Panda juu yadi za Nairobi, pale Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971. Kitu ambacho kila mgeni huonyeshwa ni behewa la Charles Ryall, afisa wa polisi aliyevutwa na simba kutoka humo usiku, stesheni ya Kima, mwaka 1900. Sina ugomvi na simba. Simba anauza tiketi. Lakini reli hii haikujengwa kubeba Waingereza wa kuliwa na simba. Iliishi kwa mizigo: pamba ya Uganda, kahawa, magadi kutoka Magadi. Behewa la mizigo halina hadithi ya kusimulia watoto wa shule, kwa hivyo mahali pengi duniani ndilo la kwanza kukatwa kwa gesi na kupelekwa kwa mzani wa chuma chakavu.

Tuseme basi tunapata behewa moja la mizigo na pesa ya rangi. Utaliandika herufi gani?

Hilo si swali la mapambo. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 kama Uganda Railway, ingawa ilikaa miaka mingi bila kilomita nyingi za maana ndani ya Uganda. Miaka ya 1920 ikawa ya Kenya na Uganda. Mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika, ikawa East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikashika mabehewa yaliyokuwa ndani ya mipaka yake. Kisha mwaka 2006 mwekezaji akapewa kuiendesha, hadi 2017. Behewa lililotengenezwa miaka ya hamsini huenda limevaa majina manne bila kubadilisha hata gurudumu. Ukilipaka K.U.R. umechagua mkoloni. Ukilipaka E.A.R. umechagua ndoto iliyokufa. Ukilipaka jina la shirika la leo umesema hakuna kilichotokea.

Ukidhani natia chumvi, tazama Mount Gelai, injini namba 5918, inayokaa hapo makumbusho. Ni ya daraja la 59, mojawapo ya 34 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, injini za mvuke kubwa kuliko zote zilizowahi kupita kwenye reli ya mita moja. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mlima Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Mwenzake, Mount Shengena, ana jina la kilele cha Upare. Hizi ni injini za Kenya zenye vitambulisho vya Tanzania, na ni kwa sababu talaka ya 1977 iligawanya vyombo bila kubadilisha majina yaliyokuwa yamepigwa kwenye chuma. Kibao hicho kinanifundisha zaidi kuhusu Jumuiya kuliko kitabu changu cha historia cha kidato cha tatu, na kinafundisha kwa sababu hakuna aliyekirekebisha.

Sasa usinielewe vibaya. Kuna kundi la wapiga picha mtaani, wengine marafiki zangu, wanaoabudu kutu. Kwao kila kilichooza ni kweli na kila kilichopakwa rangi ni uongo. Siwezi kuingia hiyo mbogi. Mvua haihifadhi kitu. Mvua nayo inafuta, tena inafuta bila kusoma kwanza, na behewa lililoachwa nje miaka kumi litakuwa limepoteza herufi zote nne pamoja na mikwaruzo ambayo mjomba angeitafuta. Afadhali mzee anayebishania nyekundu.

Ninachotaka ni kitu cha katikati, na kinawezekana. Wahifadhi wa vitu vya zamani wana mbinu ya kufungua dirisha kwenye rangi: wanasugua kipande kidogo kwa ngazi, tabaka moja baada ya jingine, mpaka unaziona zote zikiwa zimepangana kama pete za mti. Behewa letu la mizigo nalo lifanyiwe hivyo ubavu mzima. Kwenye reli mpya halitapita, maana magurudumu yamepangwa kwa mita moja na reli ya kisasa inadai milimita 1,435, kwa hivyo halina presha ya kupendeza mtu. Paa lizibwe lisivuje. Chuma kitibiwe. Ndani pasiguswe: sakafu ibaki imechakaa mlangoni, kuta zibaki na makovu ya magunia. Mwongozo wa watalii aanzie hapo, kwenye sakafu, na aeleze kwa nini imeisha pale na si pale. Simba atasubiri zamu yake.

Wiki jana nilipita karakana moja ya kupaka nganya, nikamuuliza fundi wa maandishi angenitoza ngapi kuandika herufi tatu kubwa, E.A.R., kwa mtindo wa zamani, nyeupe juu ya hudhurungi. Jamaa ana mkono wa ajabu, huchora uso wa msanii kutoka kwa picha ya simu hadi unafikiri atakuimbia. Akapangusa brashi, akazitazama herufi nilizomwandikia kwenye karatasi, akaigeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Hii ni sacco gani?"