Ndege Mwizi katika Kitambaa cha William Morris



Siku moja, kiisha mafundisho ya katekisimu, mtoto mmoja alinionyesha kitenge cha mama yake, chenye ndege wengi. Akauliza: «Katekista, ndege huyu nani alimchora?» Nikanyamaza. Sisi twajua bei ya kitenge, twajua na jina ambalo akina mama wamekipa sokoni. Lakini yule aliyekaa akafikiri ndege aelekee huku na jani lizunguke kule, hatumjui hata kidogo. Juu ya kitenge kile sikuwa na jibu. Lakini yuko mchapaji mmoja wa vitambaa ambaye maisha yake yanajulikana vizuri, naye alichora ndege. Tumtazame huyo, tumsifu panapofaa, tena tumlaumu panapofaa.

Ni Mwingereza William Morris. Alizaliwa mwaka wa 1834 huko Walthamstow, karibu na London, katika nyumba ya matajiri. Utajiri ule ulitoka wapi? Sehemu kubwa ulitoka katika hisa za mgodi wa shaba, katika wilaya ya Devon. Ndugu zangu wa Katanga, likumbukeni neno hilo la shaba, tutalirudia.

Mwaka wa 1853 akaingia chuo cha Oxford, akikusudia kuwa mhudumu wa Kanisa la Anglikana. Rafiki yake Edward Burne-Jones alikusudia vivyo hivyo. Mwaka wa 1855 wakaenda Ufaransa kutazama makanisa makubwa ya zamani, na huko, katika bandari ya Le Havre, wakakata shauri kuacha njia ile na kushika kazi ya sanaa. Mimi niliyesoma seminari bila kufika altareni, sina jiwe la kumtupia. Tena kampuni aliyoianzisha pamoja na wenzake mwaka wa 1861 ilitengeneza madirisha ya vioo vya rangi kwa makanisa mengi.

Basi, michoro yake aliitoa wapi? Wengi hufikiri kwamba msanii hulala, akaota, akaamka na mchoro mkononi. Kwa Morris haikuwa hivyo. Mimi naona chemchemi tatu.

Ya kwanza ni vitu vya karibu. Mchoro wake wa kwanza wa karatasi za ukutani, wa mwaka wa 1862, ulionyesha waridi zinazopanda juu ya fito, kama zilivyokuwa katika bustani yake mwenyewe. Lakini ndege waliomo humo walichorwa na rafiki yake Philip Webb, kwa kuwa Morris hakuuamini bado mkono wake. Angalieni unyenyekevu huo. Ilimpasa kungoja miaka mingi kabla ya kuchora ndege kwa mkono wake. Baadaye alikuwa na nyumba shambani, Kelmscott, karibu na mto Thames. Humo bustanini yalizaa matunda madogo mekundu yaitwayo stroberi, na ndege wenye madoadoa kifuani walikuwa wakiyaiba asubuhi mapema. Binti yake May alisimulia kwamba mtunza bustani alitaka kuwanyonga, lakini Morris akakataza wasiguswe. Wezi hao ndio aliowachora.

Ya pili ni kazi za wazee. Alikuwa mtu wa kushinda katika makumbusho ya South Kensington mjini London, akichungua vitambaa vya kale vya Italia na vya nchi za mashariki. Tangu utoto alikipenda kitabu cha mimea cha John Gerard, kilichochapwa mwaka wa 1597. Lakini hakunakili tu. Alijifunza jinsi wazee walivyoupinda mstari, kisha akaenda bustanini kutafuta jani la kuujaza mstari huo.

Ya tatu, nayo kwangu ni kubwa kuliko zote, ni mikono yenyewe. Wakati ule viwanda vilitumia rangi mpya za kemia, zilizoanza na uvumbuzi wa William Perkin mwaka wa 1856. Morris alizichukia, kwani ziliwaka machoni kisha zikapauka upesi. Kuanzia mwaka wa 1875 alikwenda mara nyingi mji wa Leek, kwa mtia rangi Thomas Wardle, akajifunza upya rangi za mimea. Yeye tajiri, msomi wa Oxford, alitumbukiza mikono katika mapipa ya nili hata ikawa ya buluu. Mwaka wa 1881 akahamishia karakana zake Merton Abbey, mahali palipokuwa zamani na monasteri ya Waagostino, kando ya mto Wandle wenye maji ya kuoshea vitambaa.

Huko kikazaliwa, mwaka wa 1883, kitambaa kiitwacho Strawberry Thief, yaani Mwizi wa Stroberi. Sikilizeni namna ya kukitengeneza. Kitambaa chote kilitiwa kwanza katika nili. Kisha kwa vibao vya mti vilivyochongwa walichapa dawa ya kuondoa buluu, mahali pengine nusu, mahali pengine yote, hata kikabaki cheupe. Ndipo ukafuata wekundu wa mizizi ya mmea mmoja na manjano ya mmea mwingine. Manjano yakiangukia buluu hafifu, hapo pakawa kijani. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi. Vitenge vyetu vya wax vina ujamaa nayo, kwani Waholanzi waliiga vitambaa vya Java. Tofauti ni hii: katika wax, nta au ulimbo huizuia rangi isiingie, kwa Morris, rangi iliingia kwanza, ikatolewa baadaye.

Kitambaa chenyewe sikukiona ila katika picha, na hata picha ilinishika muda mrefu. Ndege wanasimama wawili wawili, wengine wameshika tunda mdomoni, wengine wamefungua midomo kama wanaoimba. Kila kitu kimepangwa sawasawa, kulia kama kushoto, lakini hakuna kilicholala. Jicho halijui mchoro unaanzia wapi. Yeye aliyeshindwa kuchora ndege mwaka wa 1862, hapa amemchora mwizi bila kumfanya mbaya wala mtakatifu. Amemchora ana njaa na furaha, basi.

Lakini kizuri hakikosi ila. Kitambaa hicho kilikuwa cha bei kubwa, nacho kilipamba nyumba za matajiri. Ndege maskini alikula stroberi bure. Mtu maskini hakuweza kununua hata pazia lenye picha ya ndege huyo. Tena Morris alifundisha kwamba kazi ya mikono yapasa kuwa furaha, kumbe mchapaji wa Merton alipaswa kugonga kibao palepale alipoonyeshwa, siku baada ya siku. Na ile shaba? Morris alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya mgodi toka mwaka wa 1871 hata 1875. Mgodi ule ulitoa pia arseniki nyingi, sumu inayodhuru ngozi na mapafu. Na uchunguzi wa miaka yetu umeikuta sumu hiyo katika rangi ya kijani ya karatasi yake ya zamani. Wachimbaji walilipia nao bustani ile, wala hawakuchorwa popote.

Je, alijua? Mwaka uleule wa 1883 aliingia chama cha Democratic Federation, akawa msosialisti, akasimama njiani kuhubiri haki ya wafanyakazi hata karibu na kufa kwake, mwaka wa 1896. Wengine humcheka: anawauzia matajiri, halafu anawalaumu. Mimi simcheki. Mtu aliyetia mikono katika nili hawezi tena kusema hajui kazi ni nini. Lakini simwondolei deni lake. Uzuri wa kitambaa haufuti deni, wala deni halifuti uzuri. Yatupasa kuyatazama yote mawili.

Mtoto yule nitamjibu hivi: ndege wa kitenge cha mama sijui nani alimchora, lakini mtu alimchora, na wengine wakachapa, na wengine wakatia rangi. Kisha nitamwambia atoke nje, akamtazame ndege mmoja wa kwetu, yule anayeiba mpunga wetu, amtazame vizuri kabla ya kumrushia jiwe.